Miaka ya Mtoto Mlangoni

Mali ya kwanza ya mtoto ni umri wake. Nguo avaazo amenunuliwa, jina alilo nalo amepewa, na kitanda alalacho pengine hukigawana na ndugu zake watatu. Lakini miaka aliyoishi ameiishi yeye mwenyewe, wala hapana mtu aliyemwishia hata siku moja. Ndiyo sababu mtoto huuhesabu umri wake kwa uangalifu ule ambao watu wazima huuweka kwa ajili ya fedha. Mwulize mtu wa makamo ana miaka mingapi, naye atakujibu kwa kukadiria, arobaini na kitu. Mwulize mtoto, atakwambia kwamba ana miaka sita na nusu, na ile nusu ataitamka kwa mkazo kuliko ile sita.

Nimelitanguliza neno hili kwa kuwa nataka kusema juu ya uongo mmoja ambao watu wengi hawauiti uongo. Ni ule wa mzazi apunguzaye miaka ya mwanawe mlangoni ili mtoto aingie bure. Mtu ambaye hathubutu kutoka dukani na njiti moja ya kiberiti asiyoilipia, husimama mbele ya dirisha la tiketi akasema kwa uso mkavu kwamba mwanawe wa miaka sita ana minne, kisha akaingia ndani na moyo wake umetulia. Jioni hulisimulia jambo lile nyumbani, na wasikilizaji wakacheka, na mtoto mwenyewe akiwa ameketi papo hapo anasikiliza.

Nafasi za kuusema uongo huu ni nyingi. Treni ya abiria iendayo baina ya Mombasa na Nairobi katika reli mpya, iliyoanza safari zake mwaka 2017, humchukua bure mtoto wa chini ya miaka 3, humtoza nusu ya nauli mwenye miaka 3 hadi 11, na aliyezidi hapo humhesabu kuwa mtu mzima. Mbuga za wanyama, makumbusho, mabwawa ya kuogelea na viwanja vya maonyesho navyo vina mipaka yao. Mambo hayo si ya kwetu peke yetu. Katika bustani za michezo za Disney kule Marekani, ambazo ya kwanza yake ilifunguliwa mwaka 1955 katika jimbo la California, mtoto wa chini ya miaka 3 haingii kwa tiketi, na tiketi ya mtu mzima kwa siku moja huweza kuzidi dola 100. Basi huko nako hupatikana watoto wa miaka miwili wajuao kujifunga kamba za viatu na kusoma majina ya michezo ubaoni. Nauleta mfano huu ili msomaji asidhani kwamba uongo wa mlangoni huzaliwa na umaskini peke yake. Watu waliovuka bahari kwa ndege husema maneno yale yale, kwa uso ule ule.

Mpaka wenyewe, lazima tukiri, ni kitu cha ajabu. Mtoto analala usiku akiwa na haki ya kuingia bure, anaamka asubuhi akiwa na deni. Hakuongezeka uzito usiku ule, wala tembo atakayemwona si mkubwa kuliko yule wa jana. Mzazi huuona upuuzi wa mpaka huo, akajiambia kwamba jambo la kipuuzi halistahili kweli. Mimi sikubaliani naye, kwa maana kila mpaka una upuuzi wa namna hii. Hata siku ya kupiga kura humkuta kijana mmoja ana miaka kumi na minane na mwenziwe amepungukiwa na siku tatu. Lakini nayaelewa mawazo yake, na sitaki msomaji afikiri kwamba nawatazama wazazi hao kutoka juu ya mnara.

Shangazi yangu alikuwa mwanamke mwaminifu mno. Nilipokuwa mdogo alinichukua mara nyingi kwa basi kutoka Voi hadi Mombasa, na katika safari zile hakunilipia nauli. Alinipakata. Kanuni ya mabasi yetu na matatu zetu ni ya zamani, na kila utingo huijua: mtoto aliyepakatwa halipi, maana hakukalia kiti. Nilipofika miaka minane miguu yangu iligusa sakafu, na kichwa changu kilimziba shangazi asione mbele, bado alinipakata. Utingo alinitazama, akamtazama shangazi, akapita. Hakuuliza miaka yangu, na shangazi hakuitaja. Kwa maoni yangu pale hapakuwa na uongo wo wote. Nauli yangu shangazi aliilipa kwa mapaja yake, saa baada ya saa, na tulipoteremka Mombasa alisimama kwanza akishika mlingoti wa taa mpaka damu irudi miguuni. Aliyeuza kiti na aliyekinunua walijua wanauziana nini. Naukumbuka mpango ule kwa heshima, kwa sababu haukudai neno lo lote kutoka kinywani mwa mtu.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii, si kwa kuwa walikuwa wema kutuzidi, bali kwa kuwa umri kwao haukuwa tarakimu. Mtu alizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka wa njaa fulani, au wakati mto ulipofurika. Wakikuyu, Wakalenjin na makabila mengine mengi walihesabu kwa marika, na rika lilikuwa kundi la watu walioingia utu uzima pamoja, lenye jina lake. Umri wa namna hiyo haupunguziki kwa siri. Ungetaka kumpunguzia mwanao miaka miwili, ingekupasa uwapunguzie na wenziwe wote, na mama zao wangekuja kukuuliza sababu. Upweke wa mtoto wa leo mbele ya dirisha la tiketi, akiwa na umri ambao shahidi wake pekee ni mzazi wake, ni jambo jipya katika nchi yetu.

Shule zilipokuja zilitaka kujua umri, na watoto wengi hawakuwa na cheti. Walimu wakavumbua kipimo ambacho wazee wengi wanakikumbuka mpaka leo: mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya utosi wake auguse sikio la upande wa pili. Aliyeligusa aliingia shule. Ambaye vidole vyake viliishia nyweleni alirudishwa nyumbani akue. Hapo uongo ukageuza uso. Mzazi yule yule ambaye katika basi alimtaka mtoto awe mdogo, mbele ya mwalimu alimtaka awe mkubwa, na jioni mtoto alifanyishwa mazoezi ya kuuvuta mkono na kukiinamisha kichwa kidogo upande. Wako watu ambao walikuwa na umri wa aina mbili katika wiki moja, nao wakaona ni kawaida.

Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na mlango mkubwa kuliko yote ukawa wa bure. Mwaka uliofuata, mjini Eldoret, mzee Kimani Maruge alifika shuleni akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu, akaomba kuingizwa darasa la kwanza. Alikuwa na miaka 84. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na hesabu ya miaka yake ilikuwa ya kukadiria. Lakini aliitaja yote, hakuacha hata mmoja nje ya lango, akaingia pamoja nayo. Aliandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote walioanza shule ya msingi. Alifariki mwaka 2009.

Sasa nitaeleza nililoliona kwa macho yangu. Siku moja ya likizo ya Agosti nilisimama katika foleni mbele ya lango la bustani ya wanyama ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa hapana lililotendeka pale ambalo halitendeki penginepo. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja na watoto wanne. Mkubwa wao alikuwa msichana wa miaka kama kumi na minne, aliyebeba kikapu, na harufu ya chapati ilitufikia sote. Ubaoni paliandikwa kwamba walio chini ya miaka mitano hawalipi. Karani aliuliza umri wa watoto, na mama akautaja, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa wa tatu, mvulana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akasema, “Huyu ana minne.”

Mvulana akainua uso. “Mama, mimi nina sita na nusu.”

Hakusema kwa ukorofi. Alisema kama mtu asahihishaye kosa la hesabu, akitumaini kushukuriwa. Na alipofungua kinywa sote tuliliona pengo pale yalipokuwa meno mawili ya mbele. Nayo meno ya utoto, kwa kawaida, huanza kung’oka mtoto akaribiapo miaka sita. Karani naye aliliona. “Mama,” akasema, “mwanao ameshika hesabu kuliko wewe.” Foleni nzima ikacheka.

Mvulana akafumba kinywa. Nilimwona wazi, maana alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu. Hakujua amekosa nini, lakini aliutazama uso wa mama yake akajua kwamba yeye ndiye aliyeufanya uwe vile. Mama alifungua mkoba, akahesabu fedha, akazihesabu tena. Zilipungua. Bwana mmoja nyuma yangu, ambaye alikuwa amecheka kuliko wote, akanyosha mkono na noti. “Chukua, mama, usisumbuke.”

Mama alimjibu bila ya kugeuka. “Ahsante, baba. Ungeitoa kabla ya kucheka ningeipokea.”

Akawalipia watoto watatu, mdogo wao akaingia bure kwa haki, naye mwenyewe hakujilipia. Alimkabidhi msichana ndugu zake kwa maneno machache, akaenda kuketi chini ya mti nje ya lango. Nilipotoka, saa mbili baadaye, nilimkuta pale pale. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaniambia, ingawa sikumwuliza neno: “Yule nimemzaa mimi. Wadhani sijui ni mwaka gani? Nilitaka tu tuingie sote.”

Sijapata jibu la kumpa mama yule hata leo. Aliyatoa macho yake ili watoto wake wapate kuona, na mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa mwongo bila ya ulimi wa anayemwita kuona haya. Lakini fikira zangu humrudia yule mvulana. Kabla ya siku ile alifundishwa, bila shaka na mama huyo huyo, kwamba aulizwapo aseme kweli. Siku ile alisema kweli, naye akaona matokeo yake: mama yake alichekwa, fedha zilipungua, na mama akabaki nje ya lango kwa sababu ya nusu mwaka aliyoipenda. Ni somo la nguvu, na mwalimu ye yote angetamani masomo yake yashike hivyo.

Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, Chelsea Hays na Leslie Carver, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto 186 wenye miaka 3 hadi 7. Baadhi ya watoto hao walidanganywa kwanza. Waliambiwa kwamba chumba cha pili kina bakuli kubwa la peremende. Kisha wakaambiwa kwamba halimo, ilikuwa hila tu ya kuwavuta waje kucheza. Wengine hawakudanganywa. Baadaye kila mtoto aliachwa chumbani na kitu cha kuchezea alichokatazwa kukitazama. Katika watoto wakubwa, wa miaka 5 hadi 7, wale ambao hawakudanganywa walichungulia kadiri ya 60 katika kila 100. Waliodanganywa wakachungulia karibu 80, na walipoulizwa, karibu 90 katika kila 100 ya waliochungulia wakakana. Watoto wa miaka 3 na 4 hawakuonyesha tofauti hiyo.

Lililonishangaza katika habari hii ni umri. Mtoto mchanga huyasahau maneno yetu. Afikapo miaka mitano au sita huanza kuyaandika. Na pale pale, penye miaka mitano au sita, ndipo milango mingi ilipoweka mpaka wake, na ndipo mzazi hushawishika zaidi kuudanganya. Tena uongo wa mlangoni unauzidi ule wa peremende. Katika chumba kile mtoto alidanganywa. Langoni hadanganywi, anajua kweli yote, na mwili wake mwenyewe ndio unaotolewa ushahidi wa uongo. Huambiwa ainame, anyamaze, afumbe kinywa, awe mdogo kuliko alivyo, mbele ya watu.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini milango isiache kuuliza umri. Nchi moja ilijaribu. Kwa miaka mingi reli za Uchina zilimpima mtoto kwa kimo: aliyekuwa chini ya sentimita 120 alisafiri bure, wa sentimita 120 hadi 150 alilipa nusu. Kipimo kilikuwa kimechorwa ukutani, na ukuta haudanganyiki kwa maneno. Lakini watoto wa kizazi hiki wakawa warefu kuliko wa zamani, kwa kuwa wamekula vizuri zaidi, na mtoto mrefu wa miaka mitano akalipa ilhali mfupi wa miaka saba akapita. Watu wakalalamika kwamba mtoto anaadhibiwa kwa mifupa yake. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023 reli zile zilirejea kwenye umri: chini ya miaka 6 bure, toka 6 hadi kabla ya kutimiza 14 nusu. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu tiketi zao sasa huandikwa jina na nambari ya kitambulisho, na kompyuta huujua umri kabla ya mzazi kufungua kinywa. Huo nao ni ufumbuzi, na kwetu huenda ukafika, maana vyeti vya kuzaliwa vimeenea kuliko zamani. Mimi ningependelea mlango uiulize familia fedha moja, wakiwa wawili au wakiwa saba, kama mwenye nyumba aulizavyo kodi ya chumba bila ya kuwahesabu walalao. Lakini mimi si mwenye mlango.

Siku ile, baada ya kuachana na yule mama, nilirudi dirishani nikazungumza na karani, kwa kuwa watu walikuwa wamepungua. Hakuwa mtu mbaya. Alijutia kidogo mzaha wake. Aliniambia kwamba amefanya kazi ile muda mrefu, na kwamba siku hizi hawaulizi wazazi umri wa watoto, isipokuwa foleni ikiwa ndefu. Humwuliza mtoto mwenyewe, kwa upole, “Wewe uko darasa la ngapi?” Mtoto hujivunia darasa lake, akalitaja, na hesabu ikawa imekwisha.

Nilimwambia kwamba njia hiyo sikuipenda, maana inamfanya mtoto awe mpelelezi wa baba yake. Alifikiri, akasema kwamba hata yeye alianza kuitilia shaka mwezi uliopita. Alikuja bwana mmoja na msichana mdogo aliyevaa gauni la manjano. Karani alimwuliza yule mtoto yuko darasa la ngapi. Mtoto hakujibu mara moja. Alimgeukia baba yake, akamshika mkono, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, “Baba, leo niko darasa la ngapi?”

Karani alisema kwamba hakungoja jibu. Aliikata tiketi ya bure, akafungua lango.